Dami Laini Kwenye Upepo wa Dodoma

Keki ya ghorofa tano unayoiona ukumbini mbele ya bwana na bibi harusi, mara nyingi inayolika ni ghorofa moja tu. Zilizobaki ni dami: foamu iliyovikwa aisingi. Hakuna aibu katika hilo. Uingereza mwaka 1940, vita ilipoifanya serikali kupiga marufuku keki kupakwa aisingi, maharusi walikodi maganda ya karatasi ngumu au plasta wakafunika kikeki kidogo. Aibu ni dami yenye mabonde na mistari, na hapa Dodoma mistari hiyo ina chanzo chake.

Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na tangu Mei hadi mvua zinaporudi mwishoni mwa mwaka, hewa ni kavu na upepo hautulii. Aisingi ya ute wa yai na sukari ya unga hukauka kwa kupoteza maji. Dar es Salaam, hewa ina unyevu na aisingi inakungoja. Hapa inatoa utando ungali unazungusha keki, na rula ya kusawazishia ikipita juu ya utando inaukunja. Juni moja nilipaka dami ya sendofu jikoni kwangu Kisasa, dirisha wazi nipate mwanga. Upande ulioelekea dirishani ulitoka na mikunjo kama utando wa maziwa yaliyochemka. Upande wa ukutani ulikuwa laini. Mkono ulikuwa ule ule.

Basi funga dirisha, na bakuli lifunikwe kitambaa kibichi muda wote. Kipimo changu ni ute wa mayai mawili kwa karibu nusu kilo ya sukari iliyochekechwa, na matone machache ya ndimu. Kwa ajili ya kupaka naongeza maji kidogo kidogo hadi aisingi ikichotwa kwa mwiko ncha yake iiname. Gliserini iache, hiyo ni ya keki ya kuliwa, ili kisu kipite. Koroga taratibu, funika, ilaze usiku mmoja mapovu yapande juu.

Fundi lipu huyamwagia matofali maji kwanza kwa sababu tofali hunywa. Foamu hainywi hata tone. Maji yote ya aisingi lazima yatokee usoni, ndiyo maana tabaka nene hukauka nje likabaki bichi ndani, kisha likapasuka. Paka nyembamba, mara tatu. Ile ya kwanza kazi yake ni kuziba vitundu vya foamu: ikandamize kwa kisu bapa, halafu uikwangue karibu yote. Na kabla ya yote gundisha dami kwenye ubao kwa aisingi, maana ni nyepesi mno, itakukimbia.

Anza juu, pakauke, ndipo uje pembeni. Kila tabaka likikauka lipige msasa laini, ufute unga wake kwa brashi kavu. Chembe moja ikibaki, rula itaiburuta na kuchora mstari mzima.

Pembeni, rula isimame wima na mkono utulie. Sahani iliyobeba keki ndiyo izunguke, mara moja, bila kusita. Pale unapoitoa rula patabaki kovu dogo. Lisubiri likauke, likwangue kwa wembe, na siku ya sherehe ugeuzie upande huo ukutani.