Ndege ya Mashindano Iliyoshindwa na Joto la Rufiji

Ukitoka Songea kwa basi kupitia Tunduru, Masasi na Lindi kwenda Dar es Salaam, utavuka mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa. Kuelekea baharini mto huo hugawanyika katika mikondo mingi iliyozungukwa na mikoko. Humo ndimo ilimojificha manowari ya Wajerumani, Königsberg, baada ya kuizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, huko Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914.

Kutoka baharini Waingereza hawakuweza kuiona. Februari 1915 walileta ndege za majini aina ya Sopwith 807 katika kisiwa cha Niororo, karibu na Mafia. Ndege hizo zilitokana na ndege ambayo kampuni ya Sopwith iliibuni kwa ajili ya mashindano ya kuizunguka Uingereza mwaka 1914. Vita vilipoanza Agosti, mashindano yalifutwa, na mchoro wake ukatumika jeshini.

Rufiji zilishindwa kazi. Kwa nini? Ndege ya majini huelea juu ya maboya, na maji huyang'ang'ania maboya hayo inapotaka kuruka. Ili ijinasue inahitaji kasi kubwa. Lakini hewa ya joto ni nyepesi: mabawa hupata nguvu ndogo ya kuinuka, na injini hupata oksijeni pungufu. Hivyo ndege hudaiwa kasi zaidi wakati ule ule injini inapodhoofika. Ipakie mabomu, nayo itabaki inalima maji.

Mwishowe zilitumika ndege za magurudumu, zilizoruka kutoka kiwanja cha Mafia. Marubani waliwaelekeza wapiga mizinga wa meli za Severn na Mersey, na Königsberg ikaangamizwa tarehe 11 Julai 1915.

Je, Sopwith 807 ilikuwa ndege mbaya? Aristotle anatufundisha kuuliza kwanza kitu kimekusudiwa nini. Hii ilitokana na ndege ya kushindana kwenye hewa ya baridi. Ikapelekwa vitani kwenye joto. Aliyeipeleka naye ana sehemu yake katika kushindwa huko.

Nasi tuna wepesi wa kusema, "Fulani hafai." Kabla ya kulitamka neno hilo juu ya mwenzetu, tuulize: hafai kwa kazi gani, na nani alimweka hapo?