Nani Aone Nini? Mpango wa Ruhusa katika Kompyuta za Takwimu za Afya

Katika zahanati za bonde la Mto Kilombero hutumika daftari kubwa lenye mistari. Kila mgonjwa afikaye huandikwa humo: jina lake, umri, kijiji atokacho, ugonjwa aliokutwa nao na dawa aliyopewa. Daftari likifungiwa kabatini, mwenye ufunguo husoma yote, na asiye nao hasomi hata mstari mmoja. Daftari halina uwezo wa kumwonyesha mtu huyu safu moja na mtu yule safu nyingine.

Kompyuta inao uwezo huo, lakini hutenda yale tu iliyoagizwa. Katika makala haya tutaeleza jinsi maagizo hayo yapangwavyo, na madhara yanayoweza kutokea yakipangwa vibaya.

Kutoka daftari hadi ripoti

Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambao wengi huuita MTUHA, unahitaji kila kituo kuhesabu mambo yaliyomo katika madaftari yake na kupeleka jumla kila mwezi: wagonjwa wangapi wa malaria, wajawazito wangapi waliohudhuria kliniki, watoto wangapi waliochanjwa. Jumla hizo huingizwa katika programu ya kompyuta iitwayo DHIS2. Chimbuko la programu hiyo ni kazi iliyoanza Afrika Kusini baada ya mwaka 1994, ikaendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, pamoja na washirika wa nchi nyingi, kikiwamo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwishoni mwa mwaka 2013 ilikuwa imeenea katika mikoa ya Tanzania Bara.

Programu za ripoti za biashara, kama zile za viwanda na mabenki, hufuata kanuni zinazofanana na hizi. Kwa hiyo atakayeelewa mfano wa afya hatapata taabu kuelewa mifano mingine.

Maswali matatu

Kabla ya kumpa mtu ruhusa, msimamizi wa mfumo hana budi kujibu maswali matatu, kila moja peke yake.

Swali la kwanza ni: wapi? Ndani ya kompyuta nchi hupangwa mithili ya mti. Shina ni taifa. Matawi yake ni mikoa, kama Morogoro. Kila mkoa una halmashauri zake, kama Mji wa Ifakara. Na mwisho huja vituo vyenyewe. Aliyewekwa kwenye tawi huona tawi hilo na vijitawi vyake vyote, wala haoni tawi la jirani.

Swali la pili ni: kufanya nini? Kuona si sawa na kuandika, na kuandika si sawa na kubadili muundo wa fomu yenyewe. Karani wa takwimu aweza kuruhusiwa kuingiza jumla za vituo vyote vya halmashauri yake. Mganga mkuu wa mkoa, ingawa cheo chake ni kikubwa zaidi, huenda asihitaji kuandika tarakimu hata moja. Kazi yake ni kusoma na kuamua. Ukubwa wa cheo, basi, si kipimo cha wingi wa ruhusa.

Swali la tatu ni: katika meza ipi? Chati na majedwali hukusanywa katika ukurasa uitwao dashibodi, ambao twaweza kuulinganisha na meza ya kazi. Malaria yaweza kuwa na meza yake, chanjo yake, na uzazi yake. Kila meza hufunguliwa kwa kikundi cha wanaoihusu: wengine waitazame tu, wengine waipange upya.

Hapa wageni wengi wa kazi hii hukosea. Hutengeneza dashibodi moja kwa kila kituo, hata zikawa nyingi kiasi cha kutotunzika. Njia iliyo bora ni kutengeneza moja tu, na kuiagiza kompyuta ichore chati kwa mahali pa yule aliyeifungua. Hivyo mfanyakazi wa kituo cha Mang'ula na mwenzake wa Mlimba watafungua ukurasa uleule, lakini kila mmoja ataona hali ya kwake.

Hatari za pande mbili

Msomaji aweza kudhani kwamba usalama ni kufunga kila kitu. Sivyo. Mwuguzi aliyekesha akihesabu wagonjwa, kisha asiruhusiwe kuona chati iliyotokana na hesabu yake, hatatambua kwamba homa imeongezeka kijijini mwake kuliko mwezi uliopita. Takwimu zitakuwa zimepanda hadi wizarani bila kumsaidia mgonjwa aliye mbele yake.

Lakini kufungua kila kitu nako kuna hatari, hata pale ambapo majina hayamo. Tuseme jedwali linaonyesha kwamba katika kijiji kidogo, mwezi fulani, amepatikana mtu mmoja mwenye virusi vya UKIMWI, mwanamke wa umri wa miaka 15 hadi 19. Jina halikuandikwa, lakini majirani waliomwona akienda kliniki watamtambua. Ndiyo maana hesabu ndogo za namna hiyo huhitaji kuunganishwa na za vijiji vingine kabla ya kuonyeshwa kwa wengi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya ya mtu kuwa nyeti.

Bonde lenyewe linatupa mfano wa faida ya kupanga vema. Mwaka 1996 watafiti wa Ifakara walianza kuandikisha kaya za vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga, na baadaye kuzitembelea kila baada ya miezi 4 ili kujua waliozaliwa, waliofariki na waliohama. Kila mkazi alipewa namba ya utambulisho. Kutokana na kazi hiyo ilibainika, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001, kwamba vyandarua vyenye dawa viliongeza uhai wa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4 kwa asilimia 27. Dunia ilihitaji asilimia hiyo. Haikuhitaji jina la mtoto yeyote.

Mti ukibadilika

Mipaka ya utawala haikai daima. Ilipofika sensa ya mwaka 2022, Malinyi, iliyokuwa sehemu ya Ulanga, ilikwisha kuwa wilaya peke yake. Katika mfumo kama DHIS2, kituo kikihamishwa kutoka tawi moja kwenda jingine, takwimu zake za miaka ya nyuma humfuata mmiliki mpya. Asiyejua jambo hili atafungua ripoti ya wilaya ya zamani, aone wagonjwa wamepungua ghafula, na kushangilia ushindi ambao haupo. Kadhalika, wafanyakazi waliohamishwa hawana budi kufutiwa ruhusa za kituo cha awali. Ruhusa ni ya kazi, si ya mtu. Na mtu akimwazima mwenzake neno la siri, kumbukumbu ya nani aliyebadili tarakimu itataja mtu asiyehusika.

Zoezi la darasani

Walimu waweza kulifundisha somo hili bila kompyuta. Wanafunzi wachukue daftari la alama za shule. Wachore jedwali: upande mmoja mkuu wa shule, mwalimu wa darasa, mwalimu wa somo, mzazi na mwanafunzi; upande wa pili maswali matatu: wapi, kufanya nini, na meza ipi. Kisha wajadili: je, mwalimu wa hesabu abadili alama za Kiswahili? Je, mzazi aone alama za mtoto wa jirani? Iwapo somo lina mwanafunzi mmoja tu, wastani wa somo hilo ubandikwe ukutani?

Watakapoanza kubishana juu ya swali hili la mwisho, watakuwa wamefikia kiini cha jambo.