SOMO LA REDIO: DISKETI NA MPANGO WA VIPANDE VYAKE

Chukueni kalamu na daftari. Leo tutaona jinsi mpango mzuri unavyookoa wakati bila kununua mashine mpya.

Disketi ni sahani nyembamba ya plastiki iliyopakwa unga wa sumaku. Zamani kompyuta ziliweka habari humo. Mwaka 1973 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa disketi yenye upana wa inchi 8. Ilizunguka mara 360 kwa dakika, yaani mara 6 kwa sekunde. Iligawanywa katika njia 77 za mviringo. Kila njia ilikatwa vipande 26, na kila kipande kilichukua herufi 128. Kazi hiyo ya kugawanya huitwa kufomati.

Sasa fikirini watu 26 wanaozunguka mwembe. Kila mmoja ameshika ukurasa mmoja wa barua ndefu. Wewe umesimama mahali pamoja. Unasoma ukurasa wa 1. Unapoinua macho, mwenye ukurasa wa 2 amekwisha kupita! Itakubidi umngoje azunguke tena. Kwa hiyo barua yote itakula karibu mizunguko 26.

Ndivyo ilivyokuwa kwa kompyuta. Ilipokuwa ikishughulikia kipande kimoja, kilichofuata kilipita. Mizunguko 26 ni zaidi ya sekunde 4, kwa njia moja tu.

Dawa yake ni nini? Mpe ukurasa wa 2 mtu wa saba, na wa 3 mtu wa kumi na tatu. Programu ya CP/M, iliyotungwa na Gary Kildall wa Marekani mwaka 1974, ilifuata mpango huo. Ilisoma kipande cha 1, kisha cha 7, cha 13, cha 19, cha 25. Njia nzima ilikwisha kwa mizunguko kama 6, yaani sekunde 1. Disketi ni ile ile, mwendo ni ule ule.

Je, kuachanisha zaidi kungefaa? La. Kuruka 13 kungehitaji mizunguko 13. Na kompyuta iliyo nyepesi haihitaji kuruka: husoma vyote kwa mzunguko mmoja. Basi pima kwanza uwezo wa msomaji, ndipo upange.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Disketi hiyo ilizunguka mara ngapi kwa sekunde?
2. Kwa nini kipande kilichofuata kilipita bila kusomwa?

Kwaherini, hadi somo lijalo.