Jack na Stephen Wamekula Usingizi Yangu

Manze, mimi na stori za meli za kitambo hatukuwangi mabeshte. Ukinitajia Napoleon nilikuwa nawaza tu somo ya histri baada ya lanchi, ticha mwenyewe akipiga miayo. Sai mbogi ikinicall ati nikam base nawashow niko na form. Form ni kujifungia keja na series ya riwaya za meli za enzi za Napoleon.

Imeandikwa na buda anaitwa Patrick O'Brian. Ya kwanza, Master and Commander, alitoa 1969, akatoa ya 20 1999, akadedi Januari 2000 ingine ikiwa nusu. Miaka 30, na wasee ni walewale wawili! Jack Aubrey ni ofisa wa jeshi la maji la Uingereza, mnene, mcheko mob. Stephen Maturin ni daktari, nusu Mwairishi nusu Mkatalani, na baadaye unagundua ni jasusi. Wanapatana kwa konsati Port Mahon, 1800, na karibu wauane juu Jack anapiga biti kwa goti, na iko mbele ya bendi.

Maneno ya kamba na matanga yatakutoa jasho. Tulia. Stephen pia hajui kitu ya meli, so kijana flani anampandisha mlingoti akimwelezea pole pole, na wewe unapitia hapo hapo.

Lakini kenye ilinishika si mizinga. O'Brian hata huruka vita ingine kabisa, unaskia tu matokeo. Ilinishika ni doo. Enzi hizo meli ya adui ikinaswa ilikuwa inauzwa, watu wanagawana. Mpaka 1808 kapteni alibaki na robo yake hata akishamtolea admirali. Mamanamba wote wa chini, hata wakiwa mia mbili, walikuwa wanapigania robo moja. Hiyo hesabu haihitaji ticha huku mtaani.

Na huyo Jack, baharini ni moto, nchi kavu ni fala tu. Kwa kitabu cha Post Captain madeni yanamfukuza hadi Ufaransa, vita inaanza tena 1803, anakwama. Stephen anamvalisha ngozi ya dubu, anajifanya mwenye kumchezesha, wanatembea hivo hadi Catalonia. Dubu! Nilicheka hadi jirani akagonga ukuta.

Ya nne, The Mauritius Command, inaingia bahari yetu, ile vita ya ukweli ya Waingereza na Wafaransa kugombania Réunion na Mauritius. Niliisoma nikiwa nimeruka ya tatu, juu inama bookshop haipangi namba. Na msee wa vitabu ashajua nimeshikika. Ya kwanza aliniuzia soo. Ya tatu imefika juzi, ameificha chini ya makamusi, anataka jirongo. Tumefika soo tatu na bado hataki kunicheki machoni.