Watafiti watatu, shamba moja la muhogo

Leo tuache mbolea na bei ya unga, tuwaongelee watu wanaotutengenezea mbegu. Wakinyamaziana huko ofisini, hasara inakuja kulala shambani kwako.

Miaka michache iliyopita nilimshawishi kijana mmoja wa huku kwetu pwani atoe nusu ekari iwe shamba la majaribio ya muhogo. Taasisi ya utafiti ilikuwa moja, lakini walikuja wataalamu watatu kwa siku tatu tofauti, kila mtu na gari lake na dodoso lake. Wa mbegu alipima urefu wa mimea, akasema lisiguswe hata shina moja, takwimu zitaharibika. Wiki mbili baadaye akaja wa magonjwa, akaona michirizi kwenye majani, akasema ng'oa haraka uchome. Wa udongo naye alitaka nusu ya shamba iwekwe mbolea, wala hakujua mwenzake alishagawa vipande vyake vya majaribio. Kijana akaniuliza, "Bwana shamba, hivi hawa kweli wanatoka ofisi moja?"

Nikakosa jibu. Yeye akamsikiliza wa kwanza, akaacha mimea yote. Siku ya kuvuna, kila muhogo tuliokata ulikuwa na mabaka ya kahawia ndani, makavu kama gome. Mnunuzi akageuza gari. Lawama nyingine ni yangu, maana namba za simu za wote watatu nilikuwa nazo na sikuwakutanisha.

Michirizi ya kahawia ndiyo inayoonyesha vizuri kwa nini mtaalamu mmoja hatoshi. Ni ugonjwa wa virusi. Unasambazwa na inzi weupe na pia pingili zenye maambukizi, yaani zile unazobeba kutoka kwa jirani ukidhani umepata bure. Juu mmea unaweza kuonekana mzima kabisa huku chini mihogo imeoza. Mtu wa mbegu akipima urefu na uzito peke yake, atakuletea aina nzito yenye ugonjwa ndani. Wa magonjwa akiachwa peke yake, atakuchagulia aina inayostahimili lakini mihogo yake ni midogo kama kidole. Na wote wawili wanaweza kusahau kuuliza kama inaiva vizuri ikipikwa.

Wenzetu wa zamani walilijua hili. Kule Amani, juu kwenye milima ya Usambara Mashariki, kulikuwa na kituo cha utafiti tangu enzi za Wajerumani, kikaendelea chini ya Waingereza. Mwaka 1936 mtaalamu wa virusi wa kituo hicho, Storey, aliandika maelezo ya kwanza ya michirizi ya kahawia. Alifanya kazi bega kwa bega na Nichols, mtu wa kuzalisha mbegu. Wakauchanganya muhogo na ndugu yake, mti wa mpira wa Ceara, ambao ulikuwa na ustahimilivu wa virusi. Watoto waliopatikana walirithi ugumu, ila mihogo yao haikuwa na maana. Ikabidi warudishwe kwa muhogo wa kawaida, kizazi baada ya kizazi, huku mmoja anaangalia ugonjwa na mwingine anaangalia mavuno. Miaka ya 1950 Jennings aliiendeleza kazi hiyo.

Matunda yake tunayo mpaka leo. Aina moja ya Amani ilijulikana pwani ya Kenya kwa jina la Kaleso, na vipimo vya vinasaba vilionyesha kuwa ndiyo hiyohiyo Namikonga ya kwetu, ambayo watafiti wanaitumia kama mzazi wa mbegu mpya. Nyingine, namba 58308, ilipelekwa Nigeria, ikawa mzazi wa mbegu za IITA pale Ibadan.

Lakini tusiwapambe sana. Walikuwa wachache, wote juu ya mlima mmoja. Siku hizi wa udongo yuko mkoa huu, wa mbegu yuko mkoa ule, kila mmoja na mfadhili wake na ripoti yake. Mtu anapanda cheo kwa andiko lenye jina lake, kwa hiyo kumsaidia mwenzake anaona ni kupoteza muda. Hapo kazi ni ya wakubwa: fungu la safari liwe la pamoja, na kazi ya pamoja ihesabiwe mtu anapopimwa.

Msimu uliofuata niliwapigia simu mmoja mmoja, nikawabembeleza. Tukakubaliana ramani moja ya shamba, daftari moja linalobaki nyumbani kwa mkulima, na wote watatu wawepo siku ya kuvuna. Siku hiyo palikuwa na ubishi, acha! Aina iliyoongoza kwa uzito, wa magonjwa akaipasua mbele ya wote: kahawia. Iliyofuata, mama wa kijana akaichemsha, akaitema. Chungu. Aliyeizalisha alinuna kidogo, kisha akaiandika kwenye daftari kwa mkono wake. Wakaondoka na aina ya tatu, ambayo hakuna aliyekuwa anaishabikia asubuhi.

Kwa hiyo kijana, ukiombwa eneo la majaribio, usione aibu kuuliza. Nani mwingine wa taasisi yenu atakuja hapa? Wakipishana kauli, nani ana neno la mwisho? Mtakuja wote siku ya kuvuna? Wakijiumauma, wape robo ekari tu, kubwa libaki la biashara yako. Na daftari usikubali liondoke na gari.

La yule kijana liko juu ya kabati pamoja na risiti za dawa. Msimu huu amepanda ekari mbili za ile aina ya tatu, na pingili alizikagua mwenyewe moja moja.