Kabla Hujanunua Hatifungani, Soma Vihatarishi

Tangazo la hatifungani huwa fupi: riba ya mwaka, muda wa kukomaa, kiwango cha chini cha kuwekeza na namba ya simu. Waraka wa matarajio ni mrefu, umejaa majedwali na lugha ya wanasheria. Wanunuzi wengi huishia kwenye tangazo.

Kenya ilishaonja madhara yake. Mwaka 2015, Chase Bank ilitafuta Sh3 bilioni za huko kwa hatifungani ya miaka saba, riba ikiwa asilimia 13.1. Wawekezaji wakaleta Sh4.8 bilioni. Miezi michache baadaye Imperial Bank ikakusanya Sh2 bilioni kwa riba ya asilimia 15. Oktoba 13, 2015, Benki Kuu ya Kenya iliikabidhi Imperial kwa shirika la bima ya amana, hatifungani yake ikiwa hata haijaanza kuuzwa Soko la Hisa la Nairobi. Aprili 7, 2016 ikafuata Chase.

Nyaraka za matarajio za benki zote mbili zilikuwa na idhini ya mamlaka ya masoko ya mitaji. Idhini hiyo huonyesha kwamba mtoaji ametimiza masharti ya kisheria ya kutoa taarifa. Haisemi kwamba biashara yake ni nzima. Waraka wenyewe hulitamka hilo kurasa za mwanzo: mamlaka haibebi dhamana ya usahihi wa yaliyoandikwa.

Kwa hiyo, fungua sura ya vihatarishi ukiwa na maswali.

La kwanza: nitalipwa kwa fedha gani? Mwaka 2024, hapa Tanzania, mamlaka ya maji ya Tanga, Tanga UWASA, iliuza hatifungani ya kijani ya Sh53.12 bilioni, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5. Hiyo ni hatifungani ya mapato, hivyo anayeilipa hatimaye ni mteja wa maji. Msomaji makini wa waraka wa namna hiyo hutafuta kiasi cha maji kinachopotea kabla ya kufika kwenye mita, madeni ya bili yasiyolipwa, na ukweli kwamba bei za maji huidhinishwa na mdhibiti wa huduma za nishati na maji, EWURA, si mamlaka ya maji yenyewe. Gharama zikipanda na bei isipande, pengo hilo litazibwa na nini?

La pili: mtoaji akifilisika, nimesimama wapi kwenye foleni ya wadai? Hatifungani isiyo na dhamana humweka mnunuzi nyuma ya wanaoshikilia mali za kampuni kama dhamana. Iliyo ya daraja la chini humsogeza nyuma zaidi, mbele ya wenye hisa tu. Riba nono mara nyingi ni malipo ya kusimama huko.

La tatu: nikihitaji fedha kabla ya muda, nani atanunua? Soko la hatifungani za kampuni kwetu bado ni jembamba. Na ukiwa na ya asilimia 10 wakati mpya zinatoa 13, hakuna atakayekulipa thamani kamili.

La nne: mtoaji anaruhusiwa kulipa mapema? Akiwa na haki hiyo, riba sokoni ikishuka atakurudishia mtaji wako, nawe utauwekeza upya kwa riba ndogo.

Kisha soma maoni ya mkaguzi wa hesabu na mikopo waliyopewa wakurugenzi.

Hata hivyo, waraka huonya kadiri mtoaji alivyo mkweli. Ndani ya Imperial kulikuwa na ulaghai uliofichuka baada ya kifo cha mkurugenzi wake mtendaji, Septemba 2015, na hakuna sura ya vihatarishi iliyoweza kuutabiri. Kinga iliyobaki ni kutoweka akiba yote kwa mtoaji mmoja.

Mpelekee dalali wako maswali haya manne. Akishindwa kukuonyesha majibu ndani ya waraka, usitie saini.