Kuzuru Tanga: Somo la Kiswahili kati ya Bahari na Milima

Kila mwaka idara yetu huulizwa swali lilelile na wazazi na hata na wenzetu wa vitivo vingine: kuna haja gani ya kuwasafirisha wanafunzi wa Kiswahili kutoka Uganda hadi pwani, ilhali vitabu vimo maktabani? Makala haya yanajaribu kujibu swali hilo kwa kueleza ziara ya Tanga, mji mkongwe wa bandari ulioko kaskazini mwa pwani ya Tanzania, ambao mgongoni mwake imesimama milima ya Usambara.

Sisi husafiri kwa basi kupitia Nairobi na Mombasa, kisha tunavuka mpaka Horohoro. Ni safari ndefu na yenye kuchosha. Hata hivyo, somo la kwanza huanza mara tu tunapofika ufukweni.

Katika ziara mojawapo tulifika saa sita mchana tukakuta ngalawa zimelala upande juu ya tope. Mwanafunzi wetu mmoja akauliza kwa mshangao, "Bahari imekauka?" Mvuvi aliyekuwa akishona wavu akamjibu, "Maji yamekupwa. Rudini jioni, yatakuwa yamejaa." Mwanafunzi huyo alikuwa amefaulu vizuri mtihani wa msamiati, na kupwa na kujaa alivijua kwa maana ya kamusi. Lakini sisi tumekulia kando ya ziwa, na ziwa halipwi. Katika Kiluganda neno nnyanja hutumika kwa ziwa na kwa bahari pia. Jioni ile aliporudi na kukuta ngalawa zinaelea, alielewa kwa nini watu wa pwani hupanga kazi zao kwa kufuata maji. Alielewa pia kwamba neno pwani lenyewe limetokana na kupwa, yaani mahali ambapo maji hupwa. Kesho yake alifundishwa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pamoja na maji mafu, ambayo hupanda na kushuka kidogo tu.

Somo la pili ni la adabu. Mwanafunzi mwingine alimwendea mzee mmoja akamwambia, "Habari gani, mzee?" Mzee akamtazama kidogo, kisha akamwuliza kwa upole, "Kwenu hamna shikamoo?" Kijana akaona haya, akaamkia upya. "Marahaba, mwanangu," mzee akasema, "sasa tuzungumze." Kijana huyo hakuwa amekosa heshima. Kwao Buganda heshima huonyeshwa zaidi kwa mwili, hata kwa kupiga magoti, lakini pwani heshima hutangulizwa kwa neno. Tofauti hiyo tulikuwa tumeieleza darasani mara nyingi bila kueleweka.

Somo la tatu ni la historia. Mwaka 1892 serikali ya Kijerumani ilifungua shule mjini Tanga, na lugha yake ya kufundishia ikawa Kiswahili. Wengi wa waliohitimu hapo waliajiriwa kuwa makarani, walimu na maakida katika sehemu mbalimbali za koloni, wakaenda na Kiswahili bara. Mwanzoni mwa karne ya 20 gazeti la Kiswahili, Kiongozi, lilichapishwa katika shule hiyo. Aidha, reli iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893 ilifuata ukingo wa milima ya Usambara hadi ikafika Moshi. Mkonge nao uliingizwa katika eneo hilo mwaka 1893, na mashamba yake yakawavuta vibarua wa makabila mengi, ambao walihitaji lugha moja ya kuelewana.

Kusini mwa mji ndiko aliko zaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, katika kijiji cha Vibambani. Upande huohuo yako magofu ya Tongoni, yenye msikiti wa kale na makaburi ya mnara. Eneo hili ndilo liitwalo Mtang'ata, na lahaja yake, Kimtang'ata, bado inastahili kusikilizwa kwa makini na mwanafunzi wa isimu.

Siku ya mwisho hupanda mlimani. Tunapita Muheza hadi Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902. Leo msitu wake ni hifadhi. Joto la pwani huisha njiani, ukungu hushuka, na lugha hubadilika pia: huku kuna Kibondei na Kisambaa. Hapo mwanafunzi husikia Kiswahili kikizungumzwa na watu wenye lugha nyingine ya nyumbani, kama alivyo yeye mwenyewe, wala hakuna anayekionea haya.

Jambo hilo la mwisho ndilo kubwa kwetu. Wengi wa wanafunzi wetu walilelewa na wazazi wanaokikumbuka Kiswahili kama lugha ya askari na ya vitisho. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, lakini uamuzi wa serikali peke yake hauwezi kuondoa hofu iliyomo moyoni. Mwalimu anayekiogopa Kiswahili atawafundisha watoto kukiogopa. Tanga, mwanafunzi husikia kikitumika kununulia dagaa, kubembelezea mtoto, kutania na kuombea dua.

Hivyo basi, jibu letu kwa wanaouliza ni hili: vitabu tunavihitaji, na tutaendelea kuvisoma. Lakini tunaandaa walimu, na mwalimu hana budi kuwa amewahi kusikia lugha anayoifundisha ikiishi kwao. Wanafunzi wa mwaka wa pili wanaombwa kuanza kujiwekea akiba mapema. Wazazi nao tunawaomba wasichoke kutuuliza.